Ukijibu "Naiona", Mzigo Ni Wako

Wanafunzi wangu wa urubani wakianza kuruka jirani na uwanja mkubwa, kinachowatisha ni redio. Wanaogopa kubabaika huku marubani wa ndege kubwa wakisikia. Redio inazoeleka: sikiliza kwanza, sema kwa ufupi, rudia maelekezo uliyopewa, na usipoelewa omba yarudiwe. Mimi naogopa kisichoonekana wala kusikika, yaani visulisuli vinavyoachwa na mabawa ya ndege kubwa.

Bawa lolote linalobeba ndege huzungusha hewa nyuma yake. Ndege ikiwa nzito, ikienda polepole na flapu (vibao vya nyuma ya bawa) hazijashushwa, visulisuli huwa vikali zaidi. Huteremka futi mia kadhaa kwa dakika, na vikikaribia ardhi husambaa pembeni kwa noti 2 au 3 (maili za baharini kwa saa). Ndiyo maana upepo mwanana wa pembeni, ambao kila mwanafunzi huufurahia, mimi siupendi: unaweza kukizuia kisulisuli kimoja palepale juu ya njia ya kurukia.

Mwongoza ndege anakutenga navyo. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ndege nyepesi, isiyozidi kilo 7,000, ikija kutua nyuma ya nzito ya kilo 136,000 au zaidi huachiwa maili 6 za baharini. Lakini akikuuliza kama unaiona iliyo mbele, ukajibu "naiona" na kukubali kuifuata kwa macho, kujitenga nayo sasa ni kazi yako. Watu hulijibu swali hilo haraka mno, kama wanaitikia salamu. "Bado sijaiona" ni jibu halali kabisa.

Nikishakubali, nabaki juu ya mkondo wake wa kushuka, nasubiri magurudumu yaguse (moshi wa tairi husaidia), kisha natua mbele zaidi ya hapo. Ikiwa iliyotangulia inapaa, nahakikisha nimegusa chini kabla ya pale ilipoinua pua.

Kupaa nyuma yake ni kugumu zaidi. Hata nikiiacha ardhi mapema kuliko ilivyoiacha, yenyewe hupanda kwa kasi kunizidi, lakini visulisuli vyake vinashuka kuja kwangu. Kwa hiyo naomba mapema kibali cha kukata kona kuelekea upepo unakotoka. Nikiambiwa nianzie katikati ya njia ya kurukia, aghalabu nakataa. ICAO yenyewe hapo huongeza muda wa kusubiri nyuma ya ndege nzito kutoka dakika 2 hadi 3.