Dola tegemezi ni nini? Misri na msaada wa Marekani

Dola tegemezi ni nchi yenye bendera, serikali na jeshi lake, lakini nguzo mojawapo ya utawala wake inashikiliwa na dola kubwa ya nje. Si sawa na serikali ya kibaraka, ambayo huwekwa na kuondolewa na bwana wake. Wengi wanaobishana juu ya mkono wa Marekani katika tawala za Kiarabu huyachanganya mambo haya mawili, na ndiyo maana ubishi wao hauishi.

Tuitazame Misri. Utawala wa maofisa wa jeshi haukuletwa na Washington: Gamal Abdel Nasser na wenzake walimpindua Mfalme Farouk mwaka 1952, kisha wakanunua silaha kutoka kambi ya Kisovieti. Marekani iliingia kwa uzito baada ya Misri kutia saini mkataba wa amani na Israel mwaka 1979. Tangu 1987 msaada wa kijeshi umekuwa takriban dola bilioni 1.3 kwa mwaka.

Fedha hizo haziingii hazina ya Cairo. Misri huagiza vifaa, Marekani huvilipa viwanda vyake yenyewe. Kwa miaka mingi Misri iliruhusiwa hata kuagiza kwa awamu, ikitegemea msaada wa miaka ijayo ambao Bunge la Marekani lilikuwa bado halijaupitisha. Ukikatwa ghafla, mikataba inabaki haina wa kuilipa, na viwanda vya Marekani navyo vinaumia. Upande wa pili, ndege za kivita za F-16, ambazo Misri huzipata Marekani, hazidumu angani bila vipuri vya Marekani. Kamba moja imewafunga wote wawili.

Julai 2013 jeshi lilimwondoa Rais Mohamed Morsi. Sheria ya Marekani inazuia msaada pale kiongozi aliyechaguliwa anapopinduliwa, lakini serikali ya Barack Obama ilikwepa kutamka kama yale yalikuwa mapinduzi. Agosti 14 vikosi vya usalama viliua mamia ya waandamanaji waliomuunga mkono Morsi katika uwanja wa Rabaa al-Adawiya, Cairo. Oktoba Marekani ilitangaza kuzuia F-16, vifaru na helikopta za kivita za Apache.

Zuio halikuuma sana. Saudi Arabia, Kuwait na Falme za Kiarabu zilikwisha kuiahidi Misri dola bilioni 12, na Februari 2015 Misri ikaagiza ndege 24 za Rafale kutoka Ufaransa. Mwezi uliofuata Obama akaliondoa, huku Abdel Fattah el-Sisi, mkuu wa jeshi aliyemwondoa Morsi, akiwa madarakani na wapinzani wake wakiwa gerezani.