Misuli ya sakafu ya nyonga: mzazi aijue kabla ya arobaini

Misuli ya sakafu ya nyonga imetandaa chini ya kiuno, kutoka mfupa wa kinenani mpaka kifandugu. Juu yake hukaa kibofu, kizazi na mwisho wa utumbo mpana, na ndiyo inayobana mkojo, choo na upepo. Ni kama kamba za kitanda cha kusuka: zikilegea kitanda hubonyea, lakini hukazwa tena.

Mimba huielemea miezi yote, na kichwa cha mtoto kikipita huivuta mno, pengine ikachanika. Aliyezaa kwa upasuaji naye hajasalimika, maana uzito aliubeba vilevile.

Hapa Tanga mzazi hutunzwa hasa. Anakandwa maji ya moto, anafungwa tumbo, anapewa uji wa pilipili manga, na arobaini ikifika anatoka amenawiri. Kisha siku moja anainua ndoo ya maji, au anapiga chafya ndani ya daladala ya Ngamiani, mkojo unamponyoka. Anaongeza kanga ya pili na kunyamaza. Akimuuliza shangazi anajibiwa, "Ndiyo uzazi huo, mwanangu." Hapo sikubali. Huwapata wengi, takriban mwanamke mmoja kati ya watatu waliozaa, lakini tiba ipo, na ya kwanza haina gharama.

Ni zoezi alilolieleza daktari Mmarekani, Arnold Kegel, mwaka 1948. Lala au keti, kaza kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa pamoja, mpaka uhisi panavutwa ndani kwenda juu. Matako na mapaja yatulie, pumzi iendelee. Hesabu hadi tano, achia kabisa, pumzika. Rudia mara 8 hadi 12, mara tatu kwa siku. Usilifanye wakati unakojoa, kibofu kitashindwa kujimaliza. Unaweza kuanza siku za mwanzo, taratibu, ikiwa huumii. Mwenye mpira wa mkojo asubiri utolewe. Nafuu huchukua wiki kadhaa, hata miezi mitatu. Na mkaja usikazwe mpaka unahisi unasukumwa chini.

Mkojo ukivuja mfululizo usiku na mchana, huo si ulegevu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Hilo, au kinyama kujitokeza ukeni, au choo kukuponyoka, halingoji zoezi: nenda hospitali ya Bombo. Yaliyobaki mweleze mkunga siku ya chanjo ya wiki ya sita, mtoto akishachomwa, kabla hujanyanyuka kitini.