Kopo la rangi na karatasi ya wizara

Kazi yangu, ukiivua lugha ya ofisini, ni kutembea msituni na kopo la rangi. Nasimama mbele ya mti, nautazama tangu mizizi hadi kilele, nazunguka upande wa pili, kisha naamua: huu utakatwa, ule utabaki. Napitia mamia ya miti na kutia alama sehemu ndogo tu. Hiyo ndiyo misitu inayofuata maumbile, na karibu kila mgogoro wa sera ninaoujua katika fani hii unaanzia hapo, kwenye uamuzi wa mti mmoja.

Wengi wakisikia jina hilo hudhani ni msitu uliofungwa, usioguswa. Sivyo. Mbao zinatoka, na mwenye msitu anakula jasho lake. Tofauti ni kwamba hatufyeki eneo zima kwa mara moja ili tupande upya. Tunatoa mti hapa, kikundi kidogo pale, na ardhi haibaki uchi. Ndani ya hekta moja utakuta mche wa kimo cha goti, mti kijana, mti uliokomaa na gogo linalooza, vyote kwa pamoja.

Siri yake ni mwanga. Iko miti ambayo miche yake huvumilia kivuli. Inaweza kudumaa chini ya wakubwa wake kwa miongo kadhaa, kisha mwanya ukifunguka juu ikaondoka kwa kasi kama iliyokuwa ikisubiri ruhusa. Ukifungua mwanya mkubwa mno, magugu yanatangulia na miche inasongwa. Ukifungua mdogo mno, hakuna kinachoota. Ukubwa wa mwanya unategemea mteremko, udongo, aina ya miti, na jua linakotokea. Halafu kuna suala la jirani. Mara nyingi siukati mti mbaya kwa sababu ni mbaya. Naukata kwa sababu unausonga ulio bora. Mti uliopinda usiomsumbua mtu naweza kuuacha miaka ishirini. Wenye shimo la kigogota nauacha hadi uanguke wenyewe, kwa kuwa wadudu, kuvu na ndege wanaoutegemea hawana pengine pa kwenda.

Sasa jaribu kuyaandika hayo kwenye kanuni.

Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, ofisa wa migodi huko Saxony, Ujerumani, aliona kuni za kuyeyushia madini zinakwisha, akaandika kwamba msitu utumiwe kwa namna itakayoufanya uendelee kutoa. Wazo lilikuwa zuri. Waliokuja baadaye wakaligeuza kuwa hesabu nyepesi: gawa msitu vipande mia, kila mwaka fyeka kimoja, panda, na baada ya miaka mia rudi ulipoanzia. Serikali zikaipenda, na sizilaumu. Hesabu hiyo inakaguliwa mezani. Unahitaji ramani na rula, na siku hizi picha ya setilaiti. Msitu wangu ukiutazama kwa setilaiti siku moja kabla ya mavuno na siku moja baada yake, huenda usione kitu.

Kuna waliojibu mapema hoja kwamba msitu wa namna hii haukaguliki. Mfaransa Adolphe Gurnaud alibuni njia ya kupima, na Henry Biolley akaitumia katika msitu wa Couvet, Uswisi, kuanzia 1890. Unapima kipenyo cha kila mti unaozidi unene fulani, kwenye kimo cha kifua. Baada ya miaka kadhaa unapima tena. Chukua akiba ya sasa, yaani ujazo wa miti iliyosimama, toa akiba ya awali, ongeza ulichovuna katikati: hicho ndicho msitu ulichokua. Msitu unakuambia wenyewe ukate kiasi gani. Si hesabu ngumu. Ila inataka watu warudi mahali palepale kwa kipimo kilekile, kizazi baada ya kizazi, na bajeti ya serikali hupangwa kwa mwaka.

Lakini wapinzani wetu nao wana hoja, na nisipoitaja nitakuwa mwongo. Neno "kuchagua" limetumika vibaya sana. Mfanyabiashara akisema anavuna kwa kuchagua, mara nyingi maana yake anachukua minene iliyonyooka na kuacha dhaifu, vibovu na vilema viwe wazazi wa msitu ujao. Finland waliliona hilo. Mwaka 1948 wataalamu wakuu wa misitu walitoa tamko la kulaani ukataji wa aina hiyo, na kwa zaidi ya nusu karne njia iliyobaki ikawa kufyeka na kupanda. Sheria ilikuja kulegezwa mwaka 2014. Walikosea? Walikuwa sahihi kuhusu uporaji waliouona. Kosa lilikuwa kuuzika uchaguzi wenye akili kaburi moja na uporaji, kwa sababu ukiwa mbali vyote viwili vinafanana: miti imetoka, miti imebaki. Kinachovitenganisha ni ipi iliyobaki.

Nchi iliyonifundisha zaidi ni Slovenia. Ufyekaji wa eneo zima ulipigwa marufuku huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1989 ndiko kulikoasisiwa Pro Silva, mtandao wa Ulaya wa wanamisitu wenye mtazamo huu. Kinachonivutia zaidi ya marufuku ni utaratibu wao. Ofisa wa huduma ya misitu ya umma huingia msituni pamoja na mwenye shamba, tena shamba la mtu binafsi, wanachagua miti kwa pamoja na kuitia alama, ndipo kibali kinatoka. Serikali inamlipa mtu atumie macho yake. Ofisa yuleyule anamfahamu mmiliki, anafahamu baba yake alikata nini, na mwakani watakutana tena njiani.

Hata hivyo Slovenia haikuepuka msiba. Barafu ya Februari 2014 ilivunja miti katika eneo kubwa, kisha dumuzi wa magome wakaishambulia miti iliyodhoofika ya spurusi, jamii ya misonobari ya nchi za baridi. Msitu mchanganyiko haukingi kila balaa. Ninachoweza kudai ni kidogo zaidi: palipo na miti ya rika na aina mbalimbali, wakubwa wakianguka wadogo tayari wapo chini, na hakuna haja ya kusubiri kitalu kikuletee miche. Linganisha na kusini mwa Sweden, Januari 2005, kimbunga Gudrun kilipoangusha mita za ujazo zipatazo milioni 75, karibu mavuno ya nchi nzima ya mwaka mmoja, sehemu kubwa ikiwa spurusi. Bei ya mbao ilipodidimia, mwenye spurusi pekee hakuwa na kingine cha kuuza.

Viwanda ni kikwazo ambacho sera hukizunguka kwa adabu. Kiwanda cha kisasa cha kupasua mbao kinataka magogo laini, membamba, yanayofanana kama mayai ya kuku mmoja. Mimi nakiletea gogo nene, jingine la mti mgumu, la tatu la aina isiyo na mnunuzi. Unene tuliousubiri miaka themanini unageuka kuwa kasoro langoni. Ruzuku ya kupanda miti mchanganyiko bila ruzuku ya msumeno wa kuipasua ni kumwalika mgeni na kumfungia mlango.

Na wanyama. Katika misitu mingi ya Ulaya, kulungu ndio wanaoamua msitu wa kesho utakuwa wa nini. Wanapenda chipukizi tamu za aina zilezile tunazozitaka na kuacha spurusi yenye miiba. Naweza kupima mwanga kwa ustadi wote. Kulungu wakiwa wengi, natayarisha sahani tu. Uzio husaidia, kwa gharama ambayo mwenye msitu mdogo haiwezi. Dawa halisi ni uwindaji, na hapo unaingia kwenye sheria nyingine, wizara nyingine pengine, na watu wanaolipia haki ya kuwinda wakitaka wawaone kulungu wengi, si wachache. Nimekaa kwenye vikao ambavyo siku nzima tulizungumzia mbegu, na neno "kulungu" likatajwa wakati wa chai.

Mwaka 2023 Tume ya Ulaya ilitoa mwongozo wa usimamizi wa misitu unaokaribia maumbile. Umeandikwa vizuri, na ni wa hiari. Tatizo langu liko kwenye fomu zinazofuata mwongozo wa namna hiyo. Fomu ya ruzuku niliyoijaza mara ya mwisho ilikuwa na kisanduku cha idadi ya miche iliyopandwa. Msitu wangu ulikuwa umejiotesha wenyewe kwa maelfu, bure. Nikaandika sifuri.

Kuna zoezi tunalolitumia kufundishia, linaitwa marteloskopu: kipande cha msitu, kwa kawaida hekta moja, kila mti una namba, kipimo, thamani ya mbao na thamani ya makazi ya viumbe. Makundi yanaingia, kila kundi linachagua miti yake, kompyuta inaonyesha fedha kiasi gani zimetoka na makazi mangapi yamepotea. Mara ya mwisho makundi manne yalirudi na orodha nne tofauti. Mti mmoja mnene, wenye shimo na shina safi la mita nane, ulikatwa na makundi mawili na kuachwa na mawili, na kila upande ulitetea hoja yake kwa nusu saa. Mtu wa wizara aliyekuwa nasi alisikiliza mpaka mwisho, akafungua kabrasha lake, akauliza jibu sahihi liko ukurasa gani.