Nyumba ya mkuu wa stesheni Zigi na makumbusho ya msitu tunayoyahitaji

Nahifadhi majengo ya kale, na kamati za vijiji zinazopakana na misitu huniuliza swali moja kwa namna nyingi: tuna jengo la wakati wa Mjerumani limesimama, tulifanyeje liwe makumbusho ya msitu wetu? Nitajibu kwa mfano wa Zigi, kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza. Pale hatua ya kwanza imeshapigwa, na naamini ya pili inawezekana.

Zigi ilikuwa mwisho wa reli. Mwaka 1910 ilikamilika njia nyembamba ya kilomita 23 hivi kutoka Tengeni, kwenye reli kuu ya Tanga, na shabaha yake kubwa ilikuwa kuteremsha mbao za milima ya Usambara Mashariki hadi pwani. Treni haiendi tena. Nyumba aliyokaa mkuu wa stesheni ilikarabatiwa, ikawa kituo cha kupokea na kuelimisha wageni wa hifadhi iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa na hekta 8,380. Jengo lililosimamishwa ili msitu ushuke kwa behewa ndilo leo linamweleza mgeni kwa nini msitu ubaki. Sijui jengo jingine nchini lenye haki kubwa zaidi ya kuwa makumbusho ya historia ya msitu, nayo ni kazi pana kuliko kupokea wageni na kuwaonyesha ramani ya njia.

Nianze na sheria, maana hapo wengi hujikwaa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886. Jengo la Mjerumani halifiki hapo kwa umri wake. Ili lilindwe ni lazima waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Kwa hiyo kabla ya fundi kupandisha ngazi, kamati ijue mmiliki ni nani hasa (Wakala wa Huduma za Misitu, halmashauri, taasisi ya utafiti au shirika fulani), ipate ridhaa yake kwa maandishi, kisha iwaandikie watu wa Malikale, idara ya serikali inayosimamia mambo ya kale. Pasipo tangazo hilo, ofisa mpya akihamia anaweza kubomoa ukuta kwa nia njema kabisa, na hakuna kifungu cha kumzuia.

Sasa jengo lenyewe. Kielelezo cha kwanza cha makumbusho ya msitu ni kenchi, milango na sakafu za nyumba hiyohiyo. Mbao hizo zilikatwa wapi? Ni mvule, mkangazi, mtambara wa milimani, au ni msonobari ulioletwa kwa meli kutoka Ulaya? Kipande kidogo kama ukucha kikikatwa mahali pasipoonekana, mtaalamu wa mbao akakitazama kwa hadubini, jibu hupatikana. Jibu hilo laweza kugeuza maelezo yote ya ukutani: mbao za humu zingetueleza jinsi msitu ulivyovunwa, na mbao za Ulaya zingeuliza kwa nini mtu aliyezungukwa na miti aliagiza nyingine ng'ambo. Ndiyo maana nawaomba mafundi wasitupe ubao wowote uliooza. Upigwe picha, uandikwe ulipotoka, uwekwe stoo. Alama za msumeno juu yake huonyesha kama ulipasuliwa kwa mashine au kwa msumeno wa mkono, mtu mmoja juu ya gogo na mwenzake chini shimoni.

Adui mkubwa milimani ni unyevu. Milima hii hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kuta za mawe za wakati ule zilijengwa kwa udongo wa chokaa, na chokaa huruhusu maji yaliyoingia ukutani kutoka tena kama mvuke. Akija fundi na kupiga lipu ya saruji, ukuta unapendeza mwaka wa kwanza. Halafu maji yanafungiwa ndani, chumvi inatoka kama unga mweupe, rangi inabanduka, na mwishowe jiwe lenyewe linalegea. Nimebandua lipu ya saruji kwenye majengo mengi ya kale, na mara nyingi nyuma yake nimekuta ukuta umelowa kuliko udongo wa nje. Dawa yake haina siri. Rekebisha paa na gata kwanza, chimba mfereji kuzunguka msingi ili maji yaende mbali na nyumba, kisha rudishia lipu ya chokaa iliyoloweshwa muda mrefu hadi ikawa laini kama siagi. Mafundi wa chokaa wapo pwani, kuanzia Tanga hadi Pangani. Ni heri kumleta mmoja akafundisha vijana wa kijijini kuliko kununua mifuko mia ya saruji.

Unyevu huohuo ndio unaoamua kitakachoonyeshwa. Hewa ya chumba ikizidi asilimia 65 ya unyevu kwa muda mrefu, karatasi huota ukungu, na huku juu kiwango hicho ni cha kawaida. Kiyoyozi nakikataa, kwa sababu umeme ukikatika hewa hubadilika ghafla, na mabadiliko hayo huharibu vitu kuliko unyevu uliotulia. Kabati la kioo lililozibwa pande zote nalo hufungia unyevu ndani. Basi hati na picha za asili zikae kwenye nyaraka za taifa au chuo kikuu, hapa zitundikwe nakala nzuri. Vitu halisi viwe vile vilivyozoea hali hii: misumeno, mashoka, vyuma vya reli, vinu, mizinga ya nyuki, vikapu vya iliki. Kabati liachane na ukuta kwa kiganja kimoja hewa ipite, na mguu wowote wa mbao usigusane na udongo, maana mchwa hawasubiri.

Hadithi ya kutundika ukutani ndiyo sehemu inayonigusa zaidi. Wageni wengi wanaopanda Amani hueleza kwamba wamekuja kuona kazi ya Wajerumani: taasisi ya utafiti iliyoanzishwa 1902 chini ya Franz Stuhlmann, bustani ya miti ya kigeni, mikwinini iliyotoa dawa ya malaria kwa majeshi wakati wa Vita vya Kwanza. Yote hayo yana nafasi yake, ila yasianze. Washambaa husimulia Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu akavuka mapori akiwaulia watu nguruwe waliokuwa wakila mazao yao, hadi wakamfanya mtawala. Historia yao ya kisiasa inaanzia kwenye mpaka kati ya shamba na msitu. Chumba cha kwanza kianzie hapo, pamoja na miti ya tambiko, dawa za mitishamba na majina ya Kishambaa ya miti ambayo vijana wengi wanayajua nusunusu.

Wajerumani wafuate, pamoja na wapagazi na wakusanya mimea wa Kiafrika. Mwaka 1892 ofisa wa kikoloni Walter von Saint Paul-Illaire alituma kwao mbegu za ua dogo la zambarau la Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia, na leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, huku kwenye miamba yake ya asili likizidi kuwa adimu. Hifadhi ya mimea iliyokaushwa ilianzia Amani mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Sampuli nyingi zilizopelekwa Berlin ziliteketea kwa mabomu Machi 1943. Makumbusho ya kijiji hayawezi kurudisha vilivyoungua, lakini yanaweza kuomba picha za kidijiti za sampuli zilizobaki Nairobi na kwingineko, na kuziweka karibu na miti iliyo hai umbali wa hatua chache.

Halafu yaje ya karibuni, ambayo maonyesho mengi huyapitia mbio. Miaka ya 1970 na 1980 kiwanda cha mbao cha Sikh Saw Mills cha Tanga kilivuna milima hii kwa mitambo, kwa msaada wa Finland. Kelele za wanasayansi na wanavijiji zikapanda, uvunaji huo ukasimamishwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na Finland hiyohiyo ikafadhili mradi wa kuhifadhi vyanzo vya maji. Penye mapengo yaliyoachwa ulistawi Maesopsis eminii, mti ambao Waganda huuita musizi, uliopandwa Amani mnamo 1913. Ndege aitwaye hondohondo hula matunda yake na kusambaza mbegu hadi ndani ya msitu. Na kuna wakulima wa iliki wa ushoroba wa Derema waliotakiwa kuondoka ili misitu miwili iunganike. Walilipwa fidia katika miaka ya 2000, na manung'uniko yaliendelea baada ya malipo. Jambo hili liandikwe kwa maneno yao, si ya mradi. Mwanakijiji asipoona shamba alilopoteza limetajwa, makumbusho hayo atayaona ya wageni, na atakuwa na haki.

Mtu wa Tanga mjini naye apate sehemu yake: maji ya bombani kwake hutoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, unaoanzia kwenye milima hii.

Vitu vya familia visinunuliwe. Viazimwe kwa hati fupi ya Kiswahili, yenye jina la mwenye kitu, hali yake siku kilipopokelewa na haki ya kukichukua kwa taarifa ya mwezi mmoja. Kamati iwe na wajumbe wa vijiji walio wengi kuliko wa hifadhi, na sehemu ya kiingilio ilipe mtu mmoja wa kudumu ambaye kazi yake ni kusafisha gata kabla ya masika na kuangalia mchwa kila wiki.

Mpango wenyewe ningeuanza mwezi huu huu kwa kinasa sauti. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini akivuta magogo mwaka 1975 leo amevuka sabini. Paa laweza kungoja kiangazi na kabati laweza kungoja mfadhili, lakini mazungumzo na wazee hao yanatakiwa kufanyika kabla ya masika yajayo, kwa Kishambaa na Kiswahili, na nakala mbili zitunzwe: moja shuleni kijijini, nyingine Dar es Salaam.