Mzee wangu, usiuze kiwanja cha Buswelu kwa ajili ya Formula 1

Wiki iliyopita baba mmoja aliingia gereji kwangu Nyakato, Mwanza, ameshika bahasha. Kijana wake wa miaka 17 alibaki mlangoni, anazungusha funguo za IST kidoleni. "Fundi, huyu ana mkono," mzee akaniambia. "Daraja la Kigongo analimaliza kabla hujatamka Busisi. Mteja wa kiwanja changu cha Buswelu nimeshampata. Nataka aende Ulaya. Timu zikimwona tu, zitamlipa." Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya dalali anayetaka "ada ya majaribio", na dalali mwenyewe hajawahi kumwona kijana ameshika usukani.

Ni mzazi wa nne mwaka huu kuniambia maneno hayohayo: timu zikimwona zitamlipa. Nimefanya kazi misimu sita Uingereza kama fundi wa magari ya Formula 4, ngazi ya chini kwenye njia ya kwenda Formula 1, na nimechoka kulieleza hili mmojammoja, kwa hiyo leo naliandika.

Kwenye ngazi za magari ya mashindano ya kiti kimoja zinazopanda kwenda Formula 1, dereva ndiye mteja. Yeye ndiye anayeilipa timu. Ndivyo ilivyo kuanzia chini kwenda juu: gokati, yaani vigari vidogo wanavyoanzia watoto, Formula 4, Formula Regional, Formula 3, na hata Formula 2. Kwenye njia hiyo, mshahara wa maana unaanzia Formula 1 kwenyewe, ambako hadi 2025 kulikuwa na viti 20 kwa dunia nzima, na 2026 vimekuwa 22 baada ya Cadillac kuingia.

Msimu mmoja wa Formula 4 Ulaya, kwenye timu inayoeleweka, ni kama euro 300,000 hadi 500,000. Kwa hela yetu hapo unaongelea bilioni moja, pengine na nusu. Formula 3 inavuka euro milioni moja. Formula 2 ni milioni mbili na zaidi, kwa msimu mmoja, na wengi hurudia msimu. Kiwanja cha Buswelu, hata kiwe cha kona na kina hati, hakimalizi mwezi.

Mzee akauliza swali zuri: "Kama magari yote ni mamoja, pesa inaenda wapi?" Ni kweli ni mamoja. Formula 2 wote wanatumia bodi ya Dallara na injini ya Mecachrome. Pesa inanunua siku za mazoezi, tairi mpya, mhandisi wa kukaa na dereva, mafundi kama mimi, malori na hoteli. Halafu kuna uharibifu, ambao mara nyingi hauhesabiwi kwenye bei ya msimu.

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua. Mtoto wa miaka 15 alipanda ukingo wa kona, gari likateleza, likagonga ukuta ubavu. Lilirudishwa kwa lori bawa la mbele limepasuka, mikono miwili ya saspensheni imepinda, rimu imekatika. Nilikuwa bado nafungua boliti wakati baba yake anasaini ankara juu ya sanduku langu la spana. Hata chakula cha mchana kilikuwa hakijaiva. Jioni mtoto akaingia tena barabarani, na bei ya msimu ilikuwa ileile waliyoanza nayo, ila sasa na ankara hiyo juu yake. Familia ambayo bajeti yake inaishia kwenye mkataba hubomoka siku kama ile.

Sasa hilo la "ana mkono", ambalo ndilo linaloniudhi zaidi. Kukimbiza gari kwenye daraja lililonyooka la kilomita tatu ni kazi ya injini, na pale kuna watu wengine barabarani. Udereva wa mashindano unaonekana kwenye breki. Tulikuwa tunafungua rekodi za gari kwenye kompyuta na kutazama mstari wa mgandamizo wa breki. Dereva mzuri anakanyaga kwa nguvu zote mara moja, mstari unasimama wima kama ukuta, halafu anaachia taratibu kadiri anavyokata usukani, ili uzito ubaki kwenye tairi za mbele na gari likubali kugeuka. Dereva wa kawaida anakanyaga kwa woga, anaongeza, kisha anaachia ghafla. Pua inanyanyuka na gari linakataa kona. Tofauti yao kwa kona moja ni kufumba jicho, lakini mzunguko una kona kumi na kitu.

Na hapa nikiri jambo ambalo mameneja wa madereva hawapendi kulisema. Miaka yote ile niliyotazama mistari hiyo, sikuweza kutenganisha kipaji na mazoezi. Mwenye mstari mzuri karibu kila mara alikuwa ndiye aliyelipiwa siku nyingi za mazoezi, na alianza gokati akiwa na miaka minane. Nina hofu kwamba tunachokiita kipaji, sehemu yake kubwa ni mizunguko iliyonunuliwa.

Wazazi hunitajia Lewis Hamilton, bingwa wa dunia wa Formula 1 mara saba. Ni kweli baba yake alifanya kazi zaidi ya moja kumlipia. Lakini mtoto alikuwa bingwa wa gokati wa Uingereza kundi la watoto mwaka 1995 akiwa na miaka 10, timu ya McLaren wakamchukua 1998, na kwenye umri wa huyu kijana wa IST alikuwa tayari anaendesha Formula Renault, moja ya ngazi za chini za wakati ule. Wengine hunitajia Esteban Ocon, dereva Mfaransa wa Formula 1, ambaye wazazi wake waliuza nyumba wakaishi kwenye karavani. Mzee wangu, waliouza nyumba wakakosa hakuna mwandishi aliyewafuata kuwahoji.

Leseni ya kuendesha Formula 1 nayo ina masharti yake: kwa kawaida miaka 18, na pointi 40 za matokeo ya ngazi za chini. Bingwa wa Formula 4 anapata 12. Tatu bora ya Formula 2 wanapata 40 kila mmoja, na bado pointi si kiti: Drugovich alikuwa bingwa 2022, Pourchaire 2023, na wote wawili msimu uliofuata hawakupata kiti cha kudumu Formula 1.

Madereva wengi wanaoishi kwa mshahara wako kwenye mbio za magari ya GT, yaani magari ya michezo yanayofanana na ya barabarani, na zile za saa nyingi. Kule kuna matajiri wenye daraja la shaba, yaani la madereva wasio wa kulipwa, wanaolipia gari zima na kumwajiri dereva mahiri wa kushirikiana naye na kumfundisha. Hiyo ni kazi ya kweli, ingawa njia yake nayo inaanzia kwenye gokati na ina gharama. Kwetu hapa mlango ulio karibu ni rali. Joginder Singh wa Kenya alikuwa fundi kwanza, akashinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Kijana aanze kwa kufungua na kufunga gari, akae kiti cha msoma ramani, ajue barabara ya vumbi inasema nini chini ya tairi.

Nilimweleza mzee yote haya kwa saa nzima. Hakunijibu. Kijana ndiye aliyesogea akaniuliza breki zinaachiwaje taratibu wakati gari lina kasi vile. Anakuja Jumamosi tufungue breki za IST yake. Bahasha mzee ameondoka nayo, na mnunuzi wa kiwanja anasubiri jibu Ijumaa.