Wingu halikuongezei RAM

“Fundi, niwekee Linux nyepesi tu, kazi zangu zote ziko kwenye wingu.” Kauli hii ya kuomba Linux, mfumo endeshi wa bure unaowekwa badala ya Windows, huja pamoja na kompyuta mpakato za mtumba zenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 2, kuanzia kwa wanafunzi wa Malimbe hadi kwa wenye maduka Makoroboi, jijini Mwanza, na inawapotezea watu pesa.

Wanaamini kazi ikiwa kwenye wingu, yaani kwenye seva za mtandaoni, mashine haibebi mzigo. Inabeba! Google Docs hutunza faili lako kwenye seva za mbali, lakini ukurasa unaouona unaendeshwa na brauza, ndani ya RAM yako, kwa prosesa yako. Mfumo mwepesi kama Lubuntu au Linux Mint Xfce nao unachukua sehemu yake kabla hujafungua chochote. Ongeza Gmail, Docs na YouTube, kila kimoja kinaweza kula mamia ya MB. RAM ikijaa, mfumo unahamishia mzigo kwenye diski, yaani swap. Kama diski ni ile ya kuzunguka, kishale kinagoma na taa ya diski haizimi. Hapo mwenye mashine analaumu mtandao na kununua bando kubwa zaidi. Bando halihusiki kabisa.

Pima mwenyewe: fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), andika free -h, tazama mstari wa Swap. Kiasi kilichotumika (used) kikipanda kila unapofungua ukurasa mpya, RAM ndiyo haitoshi. Ongeza RAM kwanza, ifike GB 8 ikiwezekana, kisha weka SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya GB 240, ndipo ubadilishe mfumo. Soma maandishi ya kijiti cha zamani cha RAM kabla ya kununua: mashine inayotaka RAM ya aina ya DDR3L ya volti 1.35 huenda isiwake kwa DDR3 ya volti 1.5. Kama mfuko haujaruhusu, weka zram-tools, ambayo hubana data ndani ya RAM yenyewe, na usizidishe kurasa tatu za brauza kwa wakati mmoja.

Kuna kauli nyingine za namna hii. “Kilicho kwenye Drive hakipotei.” Kinapotea. Folda ya Google Drive ikiwa imeunganishwa na kompyuta, ukifuta kwenye kompyuta kinafutwa na kule, na pipa la taka hujisafisha baada ya siku 30. Nakala ya pili iwe kwenye diski ya nje.

“Windows 10 imekufa, basi na mashine imekufa.” Kilichokoma tarehe 14 Oktoba 2025 ni masasisho ya bure ya kawaida. Mashine ni nzima. Ijaribu Linux kwa flashi ya GB 8 bila kusakinisha, ukague Wi-Fi na sauti kabla ya kufuta chochote.

“Bila bando huandiki.” Unaandika, ila matumizi ya Docs nje ya mtandao huwashwa mapema, ukiwa bado hewani, kwenye Chrome au Edge. Firefox inayokuja na Linux nyingi haina huduma hiyo, kwa hiyo sakinisha Chrome na ufungue faili lako kabla ya kupanda kivuko cha Ukerewe.