Kwa Nini Nguo Hurudi Zikifuliwa

Gauni la kitenge lilipotoka kwa fundi lilimkaa mwenyewe vizuri. Limefuliwa mara mbili, kiuno kimepanda na bitana inachungulia chini ya pindo. Lawama zinamwendea fundi: alipima vibaya. Mara nyingi fundi alipima sawasawa, ila alikata kitambaa ambacho hakijaguswa na maji tangu kitoke kiwandani.

Waswahili husema nguo imerudi, na sisi tunaopima vitambaa maabara tunaliona neno hilo kuwa sahihi kuliko "kupungua". Pamba haijapotea. Nguo imerudi kwenye urefu iliokuwa nao kabla ya kuvutwa.

Na huvutwa sana. Nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, hukazwa kwenye mtambo ili mshindio, yaani nyuzi za upana, upite katikati yake. Kisha kitambaa kizima huvutwa tena kikitiwa rangi, kikichapwa maua na kukaushwa. Kinakauka kikiwa kimenyooshwa, na kinabaki hivyo. Kinachokishikilia ni vifungo vya haidrojeni baina ya minyororo ya selulosi, ambayo ndiyo mwili wa pamba. Kifungo kimoja ni dhaifu, lakini viko vingi mno, na pamba ikiwa kavu vinashika kweli.

Maji huviachia. Yanapenya kati ya minyororo, joto linaharakisha kazi, na uzi unalegea. Pia uzi wa pamba ukilowa hunenepa. Chomoa uzi mmoja wa mtande pembeni mwa kitenge uutazame: umejipinda kama mawimbi, juu ya uzi mmoja, chini ya mwingine. Nyuzi unazozizunguka zikinenepa, mzunguko unakuwa mrefu zaidi, na urefu huo unakatwa kwenye nguo yako. Ndiyo maana suruali hupanda miguuni kabla haijabana kiunoni. Fulana, ambayo imefumwa kwa vitanzi, huwa na pa kulegea zaidi, hivyo hurudi hata kuliko kitenge.

Sufu ina habari nyingine kabisa. Kila unywele wake una magamba madogo yaliyoelekea upande mmoja. Ukilifikicha sweta kwenye maji moto yenye sabuni, nywele zinasogea upande mmoja tu, zinasokotana, na magamba yanazizuia kurudi nyuma. Fulana ya pamba unaweza kuivuta ikiwa mbichi ikakubali kidogo. Sweta lililoshikana halifunguki tena, kwa hiyo lioshe kwa maji baridi, ulikamue taratibu bila kulisokota.

Poliesta hainywi maji, na kiwandani umbo lake hutulizwa kwa joto kali kuliko la beseni lolote la kufulia. Bitana nyingi ni za poliesta. Kitenge kinarudi, bitana inabaki palepale, na ndiyo inayochungulia.

Viwanda vina njia ya kuzuia hili. Mmarekani Sanford Cluett alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1930 kwa mtambo unaokibana kitambaa chenye unyevu kwa urefu wake, kikarudi kabla hakijauzwa. Baada ya hapo hurudi chini ya 1%. Lakini si kila kitambaa kilichoko dukani kimepitia huko.

Maabara tunachukua kipande cha sentimita 50 kwa 50, tunatia alama mbili zenye umbali wa sentimita 35, tunafua, tunakausha, tunapima upya. Tukikuta 33.6, kitambaa kimerudi 4%. Inaonekana ndogo, lakini kwenye yadi 6, ambazo ni karibu mita 5 na nusu, ni sentimita 22.

Basi loweka kitenge chote kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, kianike bila kukivuta, kipige pasi, ndipo ukipeleke kwa fundi. Na kama fundi amekuambia yadi 6 na duka linakata kwa yadi, nunua 6 na robo.